Wanawake wa Asia Walioifikia Bukini

Ndani ya DNA ya mitokondria pana sehemu ambapo herufi tisa, CCCCCTCTA, huandikwa mara mbili mfululizo. Watu wengi wa Asia ya Mashariki, wa visiwa vya Pasifiki na wa jamii za asili za Amerika wana nakala moja tu. Ya pili ilipotea zamani sana. Kwa muda wataalamu waliuchukulia upungufu huo kuwa alama ya Kiasia, na aliyeutafuta akiupata aliamini amempata mtu wa asili hiyo. Kisha ukaonekana Afrika, kwa watu wa misitu ya Kongo na kwa wasemaji wa lugha za Kibantu huko Malawi, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuwakuta mabibi wa kutoka China.

Himla Soodyall, mwanajenetiki wa Afrika Kusini, na wenzake walilifumbua jambo hilo mwaka 1996. Walipozisoma herufi nyingine za DNA hiyohiyo waliona kwamba upungufu wa Afrika na ule wa Asia haukutokana na mama mmoja. Herufi tisa zilipotea zaidi ya mara moja, kila mara kivyake. Wa Kiafrika unakaa kwenye tawi linaloitwa L0a2, na wa Kiasia kwenye tawi B. Na kipo kisiwa kimoja ambako yote mawili yanakutana, pengine katika kijiji kimoja: Madagaska, ambayo wazee wa pwani yetu waliiita Bukini.

Mitokondria ni viungo vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati, navyo vina DNA yao wenyewe, fupi, yenye herufi 16,569 tu. Mtoto, awe wa kike au wa kiume, huipata kwa mama yake. Mtoto wa kiume haipitishi kwa wanawe. Mara chache herufi moja hubadilika katika kunakiliwa, na badiliko likimwangukia binti, kuanzia hapo kizazi chake chote kwa upande wa mama hulibeba. Kwa kuyapanga mabadiliko hayo kwa mfuatano wake, mtaalamu huchora mti wa akina mama. Lakini mti huo haumwelezi mtu mzima. Ukihesabu vizazi kumi kurudi nyuma, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na ni bibi mmoja tu kati yao aliyempa mitokondria yake. Wanaouza vipimo vya asili kwa njia ya posta hawalisemi hili kwa sauti kubwa.

Tawi B ni la kale. Mifupa ya mtu wa pango la Tianyuan, karibu na Beijing, ina umri wa miaka kama 40,000, na DNA yake ya mitokondria iko karibu na shina la tawi hilo. Kijitawi kimoja, B2, kilivuka hadi Amerika na wahamiaji wa kwanza. Kingine, B4a1a, kiliingia baharini, na safari yake ndiyo iliyozua mabishano makubwa zaidi.

Mwaka 2005 Jean Trejaut na wenzake walichunguza jamii za wenyeji wa Taiwan, wale waliokuwapo kabla ya Wachina kuhamia kwa wingi. Waliwakuta na B4a1a yenye karibu kila badiliko walilo nalo watu wa Polinesia, isipokuwa machache ya mwisho, likiwamo lile la herufi namba 16,247. Hatua hiyo ya mwisho, basi, ilitokea njiani, mashariki zaidi. Wenye nayo ndio wanaosemwa kuwa na alama ya Kipolinesia, na kuanzia Samoa hadi Hawaii na New Zealand imewaenea Wapolinesia karibu wote kwa upande wa mama.

Njiani wapi, na lini? Mwaka 2011 Pedro Soares na wenzake walidai kwamba alama hiyo ilizaliwa karibu na visiwa vya Bismarck, kaskazini-mashariki mwa Papua Guinea Mpya, zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, yaani kabla ya wakulima wa Taiwan kufika huko. Kama ni hivyo, hadithi ya watu waliotoka Taiwan na kufululiza hadi Pasifiki inayumba. Miaka mitano baadaye ikaja DNA ya mifupa yenyewe. Pontus Skoglund na wenzake walisoma mabaki ya watu wanne, watatu wa makaburi ya Teouma huko Vanuatu, yenye miaka kama 3,000, na mmoja wa Tonga. Wote walikuwa na nasaba ya karibu na wenyeji wa Taiwan na wa kaskazini mwa Ufilipino, na damu ya Kipapua kwao ilikuwa kidogo mno au haikuwapo kabisa. Ushahidi huo una uzito kuliko hesabu za umri wa matawi, kwa sababu hesabu hizo hutegemea kasi ya mabadiliko inayokadiriwa, ilhali mfupa wa Teouma ulizikwa Teouma. Damu ya Kipapua waliyo nayo Wapolinesia wa leo iliingia baadaye.

Upande wa magharibi, yaani wa Bukini, ulisahauliwa kwa muda. Hata hivyo, tayari mwaka 1995 Soodyall, Trefor Jenkins na Mark Stoneking walitangaza kwamba alama ya Kipolinesia imo pia kwa Wamalagasi. Mwaka 2010 Harilanto Razafindrazaka na wenzake wakapima watu 266 wa jamii tatu, Wamerina wa nyanda za juu, Wavezo ambao ni wavuvi wa pwani ya magharibi, na Wamikea wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma porini. Waliikuta katika zote tatu, kwa kiwango cha kati ya asilimia 13 na 50, tena ikiwa na mabadiliko mawili ya ziada yanayolitenga tawi la Madagaska na mengine yote.

Mwaka 2012 Murray Cox na wenzake walizitumia takwimu hizo kuuliza swali ambalo mwanahistoria angelionea haya: wanawake waanzilishi walikuwa wangapi? Jibu la kompyuta lilikuwa kama 30, wengi wao wa asili ya Indonesia, miaka kama 1,200 iliyopita. Magazeti yalikipenda kiasi hicho, na wengi wakaanza kuwaza jahazi moja lililopotea njia likiwa na wanawake 30. Sivyo. Hesabu hiyo inahusu wanawake ambao nasaba zao zimebaki. Aliyezaa watoto wa kiume tu, au ambaye binti zake hawakuzaa, hayumo. Wala hesabu haisemi walikuja kwa vyombo vingapi, wala kwa miaka mingapi.

Kinachokera zaidi ni swali la walikotoka. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mtaalamu wa lugha kutoka Norway, alionyesha kwamba ndugu wa karibu wa Kimalagasi ni Kimaanyan cha kusini-mashariki mwa Borneo. Wataalamu wa jeni walipowapima Wamaanyan hawakuona udugu waliouotea. Waliofanana zaidi na Wamalagasi walikuwa Wabanjar, watu wa bandari wa eneo hilohilo, ambao Nicolas Brucato na wenzake waliwaandika mwaka 2016. Lakini alama ya Kipolinesia ni adimu Borneo. Imejaa zaidi mashariki mwa Indonesia. Lugha, jeni zote kwa jumla, na uzi wa mama peke yake, kila kimoja kinaelekeza mahali tofauti kidogo. Maelezo yanayoridhisha zaidi ni bandari ya biashara iliyochanganya watu wa visiwa vingi, kisha kundi dogo likaondoka na, kwa bahati tu, likabeba alama ile kwa wingi. Katika kundi dogo bahati ina nguvu kubwa.

Wanaakiolojia wameongeza lao. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha matokeo ya kuchekecha udongo wa maeneo 18 ya kale. Kwenye pwani ya bara na visiwa vyake, vikiwamo Unguja na Pemba, mazao ya karne ya 8 hadi ya 10 yalikuwa hasa ya Kiafrika: mtama na uwele. Komoro na Madagaska kulikuwa na mpunga na choroko. Komoro wanazungumza lugha ya Kibantu, lakini vyungu vyao vya zamani vilipika chakula cha Asia.

Tofauti ya pwani zetu na Bukini inaonekana vizuri zaidi kwa kuangalia nani alikuwa mgeni. Uchunguzi wa DNA ya kale ya Waswahili uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, ulikuta mitokondria karibu zote ni za Kiafrika, huku nasaba za baba nyingi zikitoka Asia, hasa Uajemi. Madagaska ni kinyume: utafiti wa mwaka 2017 uliopita katika vijiji 257 uliona karibu nusu ya nasaba za mama ni za Asia, na za baba karibu asilimia 70 za Kiafrika. Kwa maneno mengine, Kilwa mgeni alikuwa bwana harusi. Bukini, mara nyingi, alikuwa bibi harusi.

Mchanganyiko haukukoma hapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska waliushambulia mji wa Kua, Mafia, na kuchukua mateka, na Komoro nao walivamiwa mara kwa mara. Kwa hiyo mtu wa Lindi au wa Ngazija akipimwa leo na kuambiwa ana B4a1a1, kijitawi cha B4a1a kinachohusishwa na alama ya Kipolinesia, jina hilo halimtoshi. Aombe DNA yote ya mitokondria isomwe, kisha atazame herufi namba 1,473 na 3,423, mahali pa yale mabadiliko mawili ya Madagaska. Zikiwa zimebadilika zote mbili, yaelekea bibi yake alipitia Bukini. Zikiwa hazikubadilika, itabidi njia nyingine itafutwe.