Kabla ya Kumwachia Fundi Kabati la Mitambo ya Redio

Redio ndogo inapoanzishwa, fedha huelekezwa kwanza kwenye transmita, mikisa, maikrofoni na mlingoti. Kabati la kufungia mitambo hukumbukwa mwisho, na mwenye redio akiona bei ya kuagiza kutoka nje pamoja na ushuru wake, anageuza njia kwenda kwa fundi. Mimi uamuzi huo nauunga mkono. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, wanakunja bati na kuchomelea chuma kutwa kucha, na kabati la mitambo halina kazi inayowashinda. Tatizo ni agizo lenyewe. Mteja anasema, "Nitengenezee kabati la futi sita," bila mchoro, na fundi anatengeneza kabati zuri la futi sita ambalo halipokei kifaa hata kimoja.

Vifaa vya utangazaji, vitoke Italia, China au Marekani, vina uso wenye upana wa milimita 482.6, yaani inchi 19. Kipimo hicho kilianzia kwenye mitambo ya simu huko Marekani miaka ya 1920, na leo kimo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60297. Kutoka katikati ya tundu la skrubu la kushoto hadi katikati ya lile la kulia ni milimita 465.1, na uwazi kati ya nguzo mbili za mbele usipungue 450. Kimo huhesabiwa kwa yuniti. Yuniti moja ni milimita 44.45 na ina matundu matatu, ila nafasi kati yake hazilingani: ni 15.875, kisha 15.875 tena, halafu 12.7 kuingia yuniti inayofuata. Fundi akigawa sawa kwa sawa, skrubu ya juu itaingia na ya chini itagonga bati.

Kosa jingine huja wakati wa kuweka alama. Kabati la yuniti 42 lina matundu 126 kwa kila nguzo. Ukipima kila tundu kutoka kwa lile lililotangulia, na kila mara ukakosea sehemu mbili za kumi za milimita kuelekea upande uleule, tundu la mwisho litakuwa limehama milimita 25. Vipimo vyote vianzie sehemu moja tu, chini ya nguzo. Ushauri wangu ni huu hasa: nguzo za matundu zinunue zimeshatobolewa kiwandani. Zinauzwa peke yake, ni nyepesi kusafirisha, na zikishapatikana, kazi iliyobaki yote ni ya fundi wa hapa.

Kwa kiunzi, bati la chuma la milimita 2 linatosha. Milango na kuta za pembeni hata 1.5 inafaa. Anayekata akumbuke kwamba kona hula bati kwa namna yake. Ukitaka pembe yenye mbavu mbili za milimita 50 kwa kipimo cha nje, ukikata 100 mbavu zitazidi. Kwa bati la milimita 2 unakata kama 96.5. Nguzo yenye mikunjo minne ikikosa hesabu hiyo, inapotea kwa milimita 14. Na kabla ya kuchomelea moja kwa moja, kiunzi kishikizwe kwa nukta, kisha kipimwe kona kwa kona. Joto la welding huvuta chuma, na kiunzi kilichokwenda upande hakirudishwi kwa nyundo.

Kisha kuna joto la mitambo yenyewe. Transmita ya FM ya wati 1,000 yenye ufanisi wa asilimia 70 inakula umeme wa wati 1,430 hivi. Wati 430 haziendi kwenye antena, zinabaki ndani ya kabati. Kompyuta na vifaa vya sauti navyo hugeuza karibu umeme wao wote kuwa joto. Tuseme jumla ni wati 1,000, na hutaki hewa inayotoka izidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10. Zidisha wati kwa 3.1, gawanya kwa 10: unahitaji mita za ujazo 310 za hewa kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye feni hupimwa bila kizuizi mbele yake, kwa hiyo nunua yenye uwezo wa karibu mara mbili. Huko milimani ambako mitambo hupandishwa, kama Limuru, hewa ni nyepesi kwa takriban humusi moja kuliko ya pwani, basi ongeza tena. Nafasi zisizo na kifaa zizibwe kwa bati, la sivyo hewa ya moto itazunguka nyuma na kuvutwa upya mbele.

Mlango nao una siri ambayo fundi hawezi kuikisia. Ufa mrefu kwenye chuma hufanya kazi kama antena. Mawimbi ya FM ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na nusu yake ni mita moja na nusu, karibu sawa na ufa wa mlango mrefu unaogusa kiunzi kwenye bawaba na kufuli tu. Matokeo yake ni mvumo kwenye mikisa. Kuta za pembeni zifungwe skrubu kila sentimita 15, na mlango uwekewe ukanda wa chuma chenye springi unaogusa kiunzi pande zote.

Rangi ya unga inapendeza na kudumu, ila haipitishi umeme. Pale waya wa ethi unapofungwa, rangi ikwanguliwe hadi chuma kitokee, iwekwe washa yenye meno, na mlango uunganishwe na kiunzi kwa waya wake wenyewe. Bawaba si ethi. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, ongezea zinki chini ya rangi, na kila palipochomelewa parudishiwe zinki kwa sababu moto umeiunguza. Moshi wake ni sumu. Fundi afanye kazi hiyo nje, uwanjani.

Mpelekee fundi mchoro wenye milimita, na kifaa kimoja cha kujaribia. Kifaa hicho kiingizwe juu, katikati na chini kabati likiwa bado halijapakwa rangi, na malipo ya mwisho yatoke baada ya hapo.