Usingizi wa Mtoto na Nuru ya Simu

Mungu aliuweka mchana kuwa wakati wa kazi, na usiku kuwa wakati wa kupumzika. Na mwili wa mwanadamu umeumbwa ufuate mpango huo. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo sana iliyo kama saa, nayo huongozwa na nuru iingiayo machoni. Jua likichwa na giza likiingia, saa hiyo huiamsha tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, nayo hutoa kitu kiitwacho melatonini, kilichogunduliwa mwaka 1958 na tabibu Aaron Lerner wa Marekani. Melatonini ikienea katika damu, mwili hujua kuwa usiku umefika, na macho huwa mazito.

Nuru ya moto na ya taa ya mafuta ni hafifu, tena ina wekundu. Kwa hiyo haiizuii sana melatonini. Lakini nuru ya kioo cha simu ina rangi ya buluu nyingi, kama nuru ya mchana. Mtoto aitazamapo simu usiku, ubongo wake hudanganyika, na usingizi hukawia. Wala si nuru peke yake. Michezo na habari za rafiki humchangamsha moyo, asitake kuiweka chini.

Mwaka 2016 matabibu wa usingizi wa Marekani walitangaza kwamba mtoto wa miaka 6 hata 12 apaswa kulala saa 9 hata 12 kila siku. Basi mtoto aamkaye saa 11 alfajiri imempasa awe amelala saa 2 usiku. Akikaa na simu hata saa 5, atalala saa 6 tu. Katika siku 5 za shule hasara yake ni saa 15. Mali bila daftari huisha bila habari, na usingizi ni vivyo hivyo.

Hasara hiyo si ndogo. Katika usingizi ubongo huyathibitisha yaliyofundishwa mchana, na mwili hukua. Mtoto aliyekesha hupotewa mara mbili: masomo ya jana hayakukaa imara, na ya leo hayasikii kwa kuwa anasinzia. Watu humdhani mvivu au mjinga, naye si mvivu wala mjinga, ila amepungukiwa na usingizi.

Dawa yake haina gharama. Simu na iwekwe mbali saa moja kabla ya kulala, wala isichajiwe karibu na kitanda. Wakati wa kulala uwe mmoja, hata siku za mapumziko. Wazazi nao wafanye vivyo hivyo, kwani mtoto huiga ayaonayo. Aliyekwisha kuzoea kukesha asikate tamaa. Na atoke nje mapema asubuhi, maana nuru ya jua huirudisha saa ya mwili mahali pake; na baada ya siku kadha usingizi utamjia kwa wakati wake.