Vuli katika Bustani ya Mboga: Neno Moja, Majira Mawili

Neno *vuli* (ngeli ya I-/ZI-) hutumika kwa maana mbili. Katika Afrika Mashariki, vuli ni kipindi cha mvua fupi, takriban Oktoba hadi Desemba. Katika tafsiri za maandishi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, vuli ni majira yanayofuata kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Septemba, wakati siku zinapofupika na majani ya miti kupukutika. Miezi inakaribiana, lakini kwa mwenye bustani ya mboga kazi za majira hayo mawili hupingana.

Vuli ya mvua

Kwa mkulima wa Tanga, Moshi au Unguja, vuli hufungua bustani. Matuta huinuliwa, samadi huchanganywa na udongo, na miche iliyooteshwa kitaluni hupandikizwa mara ardhi inapolowa. Ndiyo sababu husemwa *mvua za vuli*, *kilimo cha vuli* na *vuli imechelewa*: vuli ni kitu kinachongojwa.

Hata hivyo, si Tanzania yote yenye vuli. Dodoma, Mbeya na Songea hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, unaoitwa *mvua za msimu*. Utabiri wa mvua za vuli huwahusu wakazi wa maeneo yenye misimu miwili, yaani masika na vuli.

Vuli ya majani yanayopukutika

Kwa familia inayozungumza Kiswahili iliyohamia Maine au Minnesota, kaskazini mwa Marekani, Oktoba ni mwezi wa kufunga bustani. Nyanya, pilipili hoho, bamia na mabilinganya hufa usiku wa kwanza wa baridi ya kugandisha. Nyanya ambazo hazijaiva huchumwa mapema, zikaachwa ziive ndani ya nyumba. Sukuma wiki na karoti huvumilia. Tena baridi huziongezea utamu, kwa kuwa mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Zao mashuhuri linalopandwa wakati huo ni kitunguu saumu: vidole vyake hufukiwa Oktoba, hufunikwa kwa matandazo ya majani makavu, na mavuno huja katikati ya mwaka unaofuata.

Sentensi *Panda mboga zako vuli inapoanza* ni ushauri mwema Tanga. Msomaji wa Minnesota akiifuata na kupandikiza nyanya mwezi huo, atapoteza miche, nguvu na chakula alichokitegemea. Sarufi ya sentensi haina kasoro. Hasara yote imetokana na neno moja.

Umande, sakitu, theluji

Kosa la pili hutokea katika maneno ya baridi. Wafasiri wengi huandika *Funika mboga kabla ya theluji*. *Theluji* huanguka kutoka mawinguni, na katika sehemu hizo mara nyingi hufika wiki kadhaa baada ya nyanya kufa. Kinachoua nyanya ni *sakitu*, yaani umande ulioganda juu ya majani usiku mtulivu usio na mawingu. *Barafu* nayo ni maji yoyote yaliyoganda, hata yale ya kwenye friji.

Sakitu si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Katika nyanda za juu za Njombe na Makete, hutokea wakati wa kipupwe, hasa Juni na Julai, na kuyaacha majani ya viazi meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Neno lipo, kinachokosekana ni mazoea ya kulitumia.

Kuvuna, kuchuma, kung'oa, kuchimba

*Kuvuna* ni kitenzi cha jumla. Majani na matunda *huchumwa*, karoti *hung'olewa*, viazi *huchimbwa*. Tofauti hii ina uzito bustani inapokaribia kufungwa: *Chuma sukuma wiki* humaanisha kutwaa majani ya chini na kuuacha mmea uendelee kuzaa, ilhali *Ng'oa sukuma wiki* ni kuuondoa kabisa. Anayeandika *Vuna sukuma wiki* humwachia msomaji akisie.

Matumizi yanayopendekezwa

1. *Vuli* pekee itumike kwa mvua fupi za Afrika Mashariki.
2. Kwa nchi za kaskazini, iandikwe *majira ya kupukutika kwa majani*, au *vuli ya kaskazini*, pamoja na mwezi: *Pandeni vitunguu saumu katika vuli ya kaskazini, mwezi wa Oktoba.*
3. Mwezi utajwe pamoja na mahali, kwa kuwa kusini mwa dunia, kama vile Afrika Kusini, majira hayo huangukia Machi hadi Mei.
4. Pale kazi inapotegemea baridi, itajwe baridi yenyewe: *Chumeni nyanya zote kabla sakitu ya kwanza haijaanguka.*

Lugha ya kitaaluma huvumilia neno lenye maana mbili, kwa sababu msomaji wake ana muda wa kurudi nyuma na kulipima. Maelekezo ya kilimo hayana nafasi hiyo. Mbegu ikishaoza ardhini, mkulima hungoja hadi msimu mwingine.