Namna ya Kupima Kitabu cha Elektroniki

Mwaka 1971, Michael Hart wa Marekani alianzisha Project Gutenberg, mradi wa vitabu vya elektroniki, kwa kuandika Tamko la Uhuru la nchi yake katika kompyuta. Leo vipo vingi mno, lakini si vyote vimfaavyo mwanafunzi.

Yafaa kwanza tutofautishe aina mbili. Kitabu ambacho kurasa zake zimepigwa picha tu hakitafutiki neno. Na ukikuza herufi, mistari hutoka nje ya kioo cha simu. Kitabu chenye maandishi halisi chaweza kujipanga upya kwa upana wa kioo, na programu yaweza kumsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona.

Pili ni usahihi. Kompyuta inapogeuza picha kuwa maandishi, 10² huweza kuwa 102; yaani mia moja ikawa mia moja na mbili, na hesabu nzima ikaharibika.

Basi, kabla ya kukigawa kitabu, mwalimu hana budi kutafuta neno moja ndani yake, kukuza herufi, na kulinganisha kanuni na chapa ya karatasi. Kikishindwa, kisahihishwe au kitafutwe kingine kabla kosa halijamfikia mwanafunzi.