Pale mto Sankuru

Juma hili tuzungumze filme «Lumumba» ya Raoul Peck, iliyotoka mwaka 2000. Wengi wanakumbuka hotuba ya tarehe 30 Juni 1960. Sisi tunakumbuka zaidi mto.

Lumumba amekwisha kuvuka, njia ya Stanleyville iko mbele yake. Lakini mke wake Pauline na mtoto wao mdogo wamebaki ng'ambo, na askari wanawafikia. Anarudi, anakamatwa. Ilitokea kweli huko Lodi, mwanzoni mwa Desemba 1960. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa hapa kwetu, wakati ule Elisabethville, akauawa usiku uleule pamoja na Mpolo na Okito. Pauline alibaki mjane. Alifariki mwaka 2014.

Wako wanaosema asingerudi, kwani inchi nzima ilimngojea. Sisi tunauliza: anayeacha mke na mtoto mikononi mwa askari, atalinda raia gani?

Mukiitazama nyumbani, walazeni kwanza watoto wadogo, maana mwanzo wake unaonyesha maiti zikikatwa. Wale wakubwa waulizeni: wewe ungerudi? Halafu wasikilizeni mpaka mwisho.