Nani kasema 1.10 ni kubwa kuliko 1.9?

Mwulize mtoto wa darasa la sita kati ya 1.9 na 1.10 ipi kubwa. Atajibu 1.9, na mwalimu atampa vema. Mwulize swali hilohilo kijana anayeandika programu kwa lugha ya Python, atakwambia 1.10, naye kapata. Kwake hizo si desimali bali ni namba za matoleo: la tisa, kisha la kumi. Lakini kompyuta haijui kukisia. Pasipo kanuni iliyoandikwa, mashine moja italeta toleo jipya, ya jirani italeta la zamani, na programu iliyokuwa ikienda vizuri jana ofisini itagoma leo nyumbani.

Kanuni hiyo ipo. Ni namba 440 katika orodha ya mapendekezo rasmi ya Python, lenye majina ya Alyssa Coghlan na Donald Stufft, na ni moja tu kati ya nyaraka nyingi zinazotawala vifurushi vya Python. Usichanganye na vifurushi vya dakika na MB. Hivi ni kazi ya mtu, iliyofungwa ili wewe uisakinishe kwa amri moja badala ya kuiandika upya. Bohari kuu la vifurushi hivi, PyPI, lilianza 2003 na sasa lina miradi zaidi ya laki tano.

Miradi yote hiyo inafuata vipimo vinavyoamuliwa na watu wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ndiyo maana suala la nani anamwachia nani madaraka hayo linanivutia kuliko programu zenyewe.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python mwaka 1991, alikuwa na cheo cha utani: Dikteta Mwema wa Maisha. Neno lake lilikuwa la mwisho, ila mambo ya vifurushi aliyakasimu kwa Coghlan, wa Australia. Kazi yenyewe haina fahari. Unasoma mabishano marefu, unapima hoja, kisha unasema ndiyo au hapana, na upande mmoja lazima unune.

Mfano ni pendekezo 427, lililopitishwa chini ya Coghlan mwaka 2013. Kabla yake, vifurushi vingi vilifika kama mbao za kitanda: randa, msumeno na fundi ni juu yako. Aliyekosa vifaa hivyo kwenye kompyuta yake aliambulia ukurasa mzima wa makosa mekundu. Pendekezo hilo lilileta kifurushi kinachofika kama kitanda kilichokwisha kuundwa. Unakiweka tu chumbani. Kikaitwa “gurudumu”, kwa maana ya gurudumu la jibini, kwa kuwa bohari lile lilikuwa na jina la utani la Duka la Jibini, kutoka mchezo wa wachekeshaji wa Monty Python. Watu hawa hawaachi mzaha. Mwaka 2011, Ian Bicking alipowaachia wenzake pip, programu ya kusakinisha, kundi lililopokea lilitafuta jina, na moja ya yaliyopendekezwa lilikuwa Wizara ya Usakinishaji.

Tarehe 12 Julai 2018, baada ya ugomvi uliomchosha juu ya pendekezo 572, Van Rossum aling'atuka. Neno hilo sisi tulilizoea kwa Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na hapa linakaa sawasawa. Hakutaja mrithi. Jumuiya ilibishana kwa miezi kadhaa kabla ya kuchagua, mapema 2019, baraza la watu watano, yeye na Coghlan wakiwamo.

Makabidhiano ya vifurushi hayakuwa na kishindo hicho. Kufikia 2019 mwenye kuamua viwango vyake, badala ya Coghlan, alikuwa Paul Moore wa Uingereza, na magurudumu yaliendelea kusakinishwa kama jana. Moore hakuokotwa barabarani: alikuwa mmoja wa wasimamizi wa pip, na jina lake lilikwishaonekana kwenye pendekezo 302 la mwaka 2002. Mimi nayaona makabidhiano haya kuwa bora kuliko yale yaliyoandikwa sana. Aliyepokea alikuwa tayari ndani ya karakana, mikono ina vumbi la mbao.

Mtihani ulikuja 2021. Watu watatu walileta pendekezo 665: faili la kufungia matoleo, ili programu ya leo isakinishwe vilevile mwakani. Mmoja wao, Brett Cannon, alikuwa mjumbe wa baraza kuu lenyewe. Januari 2022 Moore akalikataa. Halikuwa na nafasi kwa vifurushi vinavyokuja bado mbao, na jumuiya ililipokea kwa ubaridi. Yaani mwenye madaraka ya kukasimiwa alimwambia hapana mkubwa wa baraza, na hapana ikabaki hapana. Cannon alirudi mezani, akaandika upya. Machi 2025 Moore akalipitisha jipya, namba 751.

Miezi miwili tu kabla ya hapo lilikuwa limewasilishwa jingine, namba 772: maamuzi ya vifurushi yatoke kwa mtu mmoja yaende kwa baraza la watu watano wa kuchaguliwa kwa kura. Miongoni mwa walioliandika ni Pradyun Gedam, ambaye jina lake lilikuwamo pia kwenye lile 665 lililokataliwa.