Mada au Maabara?

Mwanafunzi atakaye shahada ya uzamivu hujiuliza: nifuate mada niipendayo, au maabara yenye maelewano? Tutazame Pemba. Katika Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa huko Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, hutafitiwa kichocho. Mkojo huchujwa, kisha mayai ya vimelea huhesabiwa kwa hadubini. Kosa la mtu mmoja, likifichwa, huharibu kazi ya wote.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliipenda mada yangu, lakini maabarani hakuna aliyethubutu kukiri kosa. Nikapoteza mwaka mzima. Mada yaweza kurekebishwa. Msimamizi asiyesikiliza habadiliki upesi. Basi, kabla ya kukubali nafasi, zungumza faraghani na wanafunzi wake. Hata hivyo, mada isiyokuvutia kabisa iache.